Thamani ya Gobori la Mwigo

Msomaji, dunia imejaa vitu vilivyofanywa kwa mfano wa vitu vingine. Seremala hutazama kiti cha babu yake akachonga kingine; mfua fedha hutazama bangili ya zamani akafua nyingine; mwanafunzi hutazama herufi za mwalimu ubaoni akaandika zake. Kila mahali mwigo huifuata asili kama kivuli kinavyomfuata mtu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo si jepesi kama linavyoonekana: je, kitu kilichoigwa kina thamani yake chenyewe, au thamani yake yote ni ya kuazima? Na kama kina thamani, mtu mwadilifu aipime kwa kipimo gani?

Nataka tulijibu swali hili kwa kutazama kitu kimoja ambacho huenda hukupata kukishika, nacho ni gobori la mwigo, lililokwisha tumiwa na mwenyewe wa kwanza, likalazwa mezani liuzwe. Simwandikii mtu ili akanunue bunduki. Katika nchi yetu ya Kenya silaha haimilikiwi ila kwa idhini ya serikali, na ni vema iwe hivyo. Nimelichagua gobori kwa sababu moja tu. Mtu akikosea kukipima kiti, ataanguka chini na wenziwe watamcheka. Akikosea kulipima gobori, aweza kupoteza jicho lake, au mkono wake, au uhai wa jirani yake. Palipo na hatari, hukumu mbaya haina pa kujificha.

Gobori, kama wajuavyo wazee, ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Baruti humiminwa kwanza ndani ya kasiba, risasi hufuata, na vyote husukumwa kwa mdeki mpaka vitulie chini kabisa. Kisha fataki huvishwa juu ya chuchu ndogo ya chuma iliyo nyuma ya kasiba. Nyundo ikianguka, fataki hutoa cheche, na cheche huwasha baruti. Babu zetu wa pwani na wa bara walizijua bunduki za kushindilia katika karne ya 19, zilipokuja Unguja kwa majahazi na merikebu, kisha zikachukuliwa bara na misafara. Lakini gobori ninalotaka ulitazame leo lilizaliwa mbali na kwetu, na zamani za karibu.

Katika mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilichagua bunduki iliyoitwa Enfield. Kasiba yake ilikuwa na urefu wa inchi 39, na tundu lake lilikuwa na upana wa inchi 0.577. Ndani yake ilichongwa mifuo mitatu iliyopinda pole pole, ili risasi izunguke na kwenda sawa hewani. Bunduki hiyo ilitumika katika vita vya Krimea, na maelfu kwa maelfu yake yalinunuliwa na pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, toka 1861 hata 1865. Haikupita miaka mingi bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma zikaishinda, na magobori yakawekwa kando.

Walakini kitu kikiachwa na majeshi si lazima kiachwe na watu. Huko Marekani chama cha kitaifa cha walenga shabaha kwa magobori kiliundwa mwaka 1933, na mashindano yake makuu hufanyika Friendship, katika jimbo la Indiana. Ilipowadia kumbukumbu ya miaka mia ya vita vile, kati ya 1961 na 1965, watu wengi walitaka bunduki za namna ile, na zile za asili zilikuwa haba, ghali na kongwe. Haja ilipita kiasi cha vitu vilivyokuwapo. Ndipo mafundi wa Italia, hasa wale wa bonde la Val Trompia karibu na mji wa Brescia, ambako bunduki zimefuliwa kwa mamia ya miaka, walipoanza kufua miigo. Davide Pedersoli alifungua karakana yake mwaka 1957, na Aldo Uberti mwaka 1959. Kule Uingereza nako, Parker-Hale wa Birmingham walifua miigo ya Enfield kwa kufuata vipimo vya asili. Miigo hiyo ilitumiwa, ikauzwa, ikarithiwa. Na leo mingi imo mikononi mwa watu wa pili na wa tatu.

Tuseme basi kwamba magobori mawili ya namna hiyo yamelazwa juu ya meza ya duka moja huko Marekani. Yote mawili yalifuliwa na fundi mmoja katika mwaka mmoja. La kwanza linang'aa: shaba yake yametameta kama jua la asubuhi, na mti wake umepakwa mafuta ukateleza. La pili limefubaa: shaba yake imepiga weusi, na mti wake una mikwaruzo. Mbele ya meza wamesimama watu wawili.

Mtu wa kwanza anayatupia macho na kusema, "Haya si ya kale. Ni miigo tu. Kwangu mimi hayana thamani." Akageuka akaenda zake. Mtu wa pili ananyosha kidole penye lile linalong'aa na kusema, "Hili hasa! Limetunzwa kama jicho." Naye mwenye duka, kwa kuwa mwamba ngozi huvutia kwake, haneni neno la kumzuia.

Angalia, msomaji, jinsi watu hawa wawili walivyotofautiana kwa maneno na kufanana kwa kosa. Wa kwanza alihukumu kwa nasaba. Aliuliza kitu kimezaliwa lini na wapi, asiulize kinaweza nini. Wa pili alihukumu kwa nguo. Aliona kilichovaliwa nje akadhani amekiona kilichomo ndani. Hapana hata mmoja aliyeinua gobori mezani. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Na ubaya wa nje nao mara nyingi huficha kitu kizuri.

Sasa afika mtu wa tatu, mzee ambaye amelenga shabaha kwa magobori tangu ujana wake. Haulizi bei kwanza. Analiinua gobori linalong'aa, anauelekeza mdomo wa kasiba mahali pasipo mtu, anatazama kama chuchu haina fataki. Kisha anautia mdeki ndani ya kasiba mpaka unakoma, anaushika kwa kidole pale unapotokea mdomoni, anautoa na kuulaza juu ya kasiba kwa nje. Ncha yake yafika karibu na chuchu. Basi kasiba ni tupu. Kama ingalisimama vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, angalijua kwamba ndani mna baruti na risasi zilizosahauliwa.

Jambo hili si la kuchekwa. Baada ya vita vya Gettysburg, mwezi wa Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 katika uwanja wa mapigano. Nyingi katika hizo zilikuwa bado zimeshindiliwa, na nyingine zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili na zaidi. Katika moshi na makelele askari hakujua kwamba bunduki yake haikulia. Akashindilia tena juu ya shindilio la kwanza. Hatari ilikuwa kimya ndani ya chuma, na kwa nje bunduki zote zilionekana sawa. Kwa hiyo adabu ya kwanza ya kupima ni hii: usikisadiki kitu kwa sababu umeambiwa kuwa ni salama. Kipime mwenyewe, hata kama aliyekwambia ni rafiki.

Baada ya hapo mzee anatia taa ndogo ndani ya kasiba na kuchungulia. Kisha anafunga kitambaa safi penye ncha ya mdeki na kukipitisha pole pole toka juu hata chini. Kitambaa chakwama, chakwaruza, chatoka na uvumbi mwekundu. Ndani ya kasiba ile inayong'aa kwa nje mna kutu, na kutu imeila mifuo.

Ilifikaje kutu humo? Baruti nyeusi hufanywa kwa shura, makaa na kiberiti, kwa kadiri ya mafungu 75, 15 na 10. Ikiisha kuungua huacha masizi yenye chumvi zinazovuta unyevu wa hewani. Mtu aliyepiga shabaha mchana hana budi kuiosha kasiba siku ile ile kwa maji ya moto na sabuni, aikaushe, aipake mafuta. Akisema, "Nitaosha kesho," kutu haimngoji. Basi mwenye gobori hili alikuwa mtu wa kusema kesho. Na siku alipotaka kuliuza alitumia saa nyingi kusugua shaba, kwa sababu shaba huonekana, na ndani ya kasiba hapaonekani. Kasiba ni daftari la siri. Kila siku ya uvivu iliandikwa humo, na mzee amezisoma zote kwa kipande cha kitambaa.

Analiweka chini, analiinua lile lililofubaa. Kitambaa chapita sawasawa, na mkono wake wausikia mdeki ukizunguka kidogo kidogo kwa kuifuata mifuo. Anasikiliza kwa vidole kama pana mahali kitambaa kinapolegea ghafula. Maana risasi ikiachwa mbali na baruti, isishindiliwe mpaka chini, kasiba huweza kuvimba mahali pale, na uvimbe huo hauna dawa. Haoni uvimbe. Anaivuta nyundo nusu ya safari yake na kujaribu kifyatuo. Nyundo yashika, haianguki, kama ipasavyo. Anautazama mti pale unapokuwa mwembamba nyuma ya mtambo, ambapo nyufa hupenda kuanza, hapana ufa. Anatazama vichwa vya parafujo. Havikutafunwa na bisibisi ya mtu asiye na subira. Chuchu peke yake imepondeka kwa kupigwa na nyundo miaka mingi, lakini hiyo hufunguliwa ikawekwa nyingine kwa fedha kidogo. Mikwaruzo ya mti ni alama za kazi. Kutu ya kasiba ni alama ya uzembe. Mjinga huziita zote mbili uchakavu, lakini mwenye busara huzitenga.

Mwisho mzee anageuza kasiba na kutafuta alama ndogo zilizopigwa katika chuma. Hizi ndizo alama za jaribio. Katika nchi nyingi za Ulaya kasiba haiuzwi mpaka ipelekwe katika nyumba ya majaribio, ishindiliwe baruti nyingi kuliko ya kila siku, ipigwe, kisha ikaguliwe. Ikistahimili hupigwa muhuri. Birmingham ina nyumba ya namna hiyo tangu mwaka 1813, na Gardone, katika lile bonde la Val Trompia, tangu mwaka 1910. Waitalia huongeza alama ya mwaka: tangu 1945 waliuandika kwa tarakimu za Kirumi, na tangu 1975 kwa herufi mbili. Mwigo mwema basi hauoni haya kusema umri wake. Umechukua sura ya 1853, lakini katika mwili wake umeandikwa mwaka wake wa kweli, na mara nyingi maneno ya kuonya kwamba utumiwe kwa baruti nyeusi tu.

Mzee akamwambia mwenye duka, "Kasiba ya hili ni safi, na mtambo ni mzuri. Chuchu yataka kubadilishwa. Nitakupa bei ya kitu kizima, nikitoa bei ya chuchu." Angaliweza kuvuta midomo na kuilaumu mikwaruzo ili apunguziwe zaidi, na mwenye duka angalimsadiki. Hakufanya hivyo. Kumbuka hili, msomaji, kwa kuwa watu husahau: kipimo cha haki hakimlindi mnunuzi peke yake. Anayekuza aibu ya kitu ili akipate rahisi ni ndugu wa anayeficha aibu hiyo ili akiuze ghali. Wote wawili wameshika mizani moja, kila mmoja akikandamiza upande wake kwa kidole.

Hata hapa tumejibu nusu ya swali letu. Mwigo una thamani yake wenyewe, nayo ni ile kazi njema iliyowekwa ndani yake na fundi, na ule utunzaji uliohifadhiwa na mwenyewe. Gobori la 1975 linaloweza kulenga shabaha kwa salama halikuazima uwezo huo kwa gobori la 1853. Ni uwezo wake. Lakini imebaki nusu ya pili, nayo ni ngumu zaidi.

Tuseme mtu mwingine alinunua mwigo mzuri kama huu, akachukua tupa, akazifuta alama za jaribio pamoja na mwaka. Akapaka chuma dawa kali ili kionekane cha kale, akagonga mti kwa mawe, kisha akaliuza gobori kwa mara nyingi ya bei yake, akisema kwamba lilipigwa Gettysburg. Kasiba ni ile ile, mtambo ni ule ule, na shabaha yake haikupungua hata kidogo. Je, thamani imeharibika wapi?

Huenda mtu akasema, "Hakuna kilichoharibika. Mnunuzi amefurahi. Analitundika ukutani, anawasimulia wageni, na hatajua kamwe. Furaha yake ni ya kweli, nani ameumia?" Hoja hii ina utamu, nami nisingependa uipite bila ya kuijibu.

Jawabu la kwanza ni la chuma chenyewe. Aliyeufuta mwaka alifuta na onyo. Siku moja mnunuzi atakufa, na mjukuu wake atalitoa gobori ukutani asione neno lolote la kumwambia ni baruti gani itumike. Akitia baruti ya siku hizi, ile isiyotoa moshi, ambayo nguvu zake zapita kabisa kadiri ya kasiba ile, kasiba itapasuka mbele ya uso wake. Mwongo alikusudia kuiba fedha tu. Lakini uongo ukiisha kutoka mkononi haumwulizi bwana wake umepewa ruhusa ya kufika wapi.

Jawabu la pili ni la watu. Siku mnunuzi mmoja atakapogundua kuwa amedanganywa, atalishuku kila gobori la asili atakaloliona, na mwenye kitu cha kweli atatakiwa athibitishe kweli yake kwa jasho. Hivyo mwigo uliofichwa humwibia aliyeununua, kisha humwibia kila mtu mwaminifu aliye katika soko lile. Huiba imani, na imani ni mali ya watu wote.

Jawabu la tatu ni la roho, na kwangu ndilo kubwa. Yule fundi wa Val Trompia alipopiga alama yake alisema kwa chuma, "Mimi si asili, mimi ni mfano wa asili, na hii ndiyo kazi ya mikono yangu." Maneno hayo yalikuwa heshima yake. Aliyeyafuta kwa tupa aliipoteza heshima ya fundi bila ya kumpa fundi wa kale heshima yoyote. Kuiga hakukuwa uongo. Uongo ulianza pale mwigo ulipokatazwa kusema jina lake.

Sasa rudi katika darasa lako. Wewe nawe umeanza kwa kuiga. Maneno yako ya kwanza ulimwiga mama yako, na hesabu zako za kwanza ulimwiga mwalimu wako. Hapana aibu katika hilo, kwa kuwa hapana fundi asiyepita njia hiyo. Lakini siku ya mtihani ni siku ya nyumba ya majaribio: unashindiliwa mzigo mkubwa kuliko wa kila siku, mbele ya msimamizi asiye nduguyo, ili watu wasiokujua wapate kukutegemea. Mwanafunzi anayenakili jawabu la mwenziwe huandika herufi zile zile na jawabu lile lile, na karatasi mbili zikiwekwa pamoja hazitofautiani hata kwa nukta. Hata hivyo moja ni kazi, na ya pili ni muhuri uliopigwa juu ya kasiba isiyojaribiwa. Kesho mgonjwa atailalia dawa iliyopimwa na mtu huyo, au abiria ataketi katika gari alilolitengeneza yeye, kwa sababu wameuona muhuri wakausadiki.

Utakapopewa kazi ya kumpima mtu mwingine, usiseme kama yule wa kwanza kwamba hakuzaliwa mahali pazuri, wala usiseme kama yule wa pili kwamba nguo zake zinang'aa. Pitisha kitambaa ndani ya kasiba. Tazama anavyofanya kazi mahali ambapo haonekani, na kama huosha leo kilichochafuka leo. Ukiona chuchu imepondeka, sema chuchu imepondeka, usiseme gobori zima limeoza. Na utakapopimwa wewe, acha alama zako zisomeke, hata ile inayosema kwamba ulijifunza kwa mwingine, kwa kuwa atakayekutegemea ana haki ya kuzisoma.